Alama za Chokaa

Jepchumba alikipumulia kioo, akarudi nyuma hatua moja, na alama ya X ikajitokeza.

Hakuwa ameiona vizuri alipoingia. Jua la saa nne lilikuwa limelijaza kanisa, na madirisha yalionekana machafu tu, kama sufuria iliyosuguliwa na mtu mwenye haraka. Lakini mvuke wa pumzi yake ulipotua kwenye kioo, ulikataa kushika kwenye mistari miwili iliyokatana, kona hadi kona, mipana kama kiganja. Akaenda dirisha la pili, akapumua. X. La tatu, X. Alipofika la kumi aliacha, kwa sababu kichwa kilianza kuzunguka na kwa sababu alishajua kwamba yote ishirini na manane yalikuwa hivyo.

"Umeona?" Mwalimu Kizito, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alisimama nyuma yake na kofia mkononi. "Asubuhi kukiwa na ukungu zinaonekana hata kutoka barabarani. Watu wananiuliza kama serikali inataka kubomoa kanisa."

Alisema hivyo bila kucheka. Katika nchi hii mtu akikuta X ukutani pake haulizi ni mapambo gani hayo. Huanza kutoa vyombo nje.

Kanisa lile la pembeni mwa Kanduyi lilikuwa limejengwa kwa miaka sita, kwa harambee na kwa kuku waliokuwa wakinadiwa mara tatu tatu. Vioo vyake vilitoka Kitale, duka la Kiplimo, na Jepchumba ndiye aliyevipanga kwenye lori. Viliwekwa mwezi wa tatu mwaka uliopita, kabla ya mvua ndefu. Halafu ujenzi ukasimama miezi tisa, kama ujenzi wa makanisa unavyopenda kusimama, na muda wote huo kila mpita njia aliona X nyeupe za chokaa kwenye madirisha, akajua ni fundi ameziweka ili mtu asikipitie kioo kwa kichwa. Mafundi wengi hufanya hivyo. Ilipobaki wiki moja askofu aje kulifungua, wakaosha madirisha. Chokaa ikatoka, X zikabaki, na ufunguzi ukaahirishwa.

Kamati ikaandika barua Kitale kusema wameuziwa vioo vibovu. Kiplimo akasoma, akamtuma Jepchumba. Huku kwetu hakuna mtaalamu wa vioo mwenye cheti ukutani. Kuna Jepchumba, mama wa miaka arobaini na sita mwenye makovu kwenye vidole vyote isipokuwa viwili, ambaye akigonga kioo kwa ukucha hukuambia kina unene gani na kama kimekaa kwenye unyevu.

Lakini barua ilisema nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ikinong'onwa, na Mwalimu Kizito hakuikosa.

"Kuna wanaosema kioo hakina shida," alisema, akiigeuza kofia. "Wanasema fundi alichanganya kitu kwa chokaa. Ati aliona uchungu kukosa kiti cha kamati. Mimi sisemi hivyo. Lakini wazee wa kanisa wamemwita mara mbili, akasema si yeye alipaka. Wakamwuliza ni nani basi. Akanyamaza. Sasa mtu akinyamaza mbele ya wazee, si unajua?"

Fundi huyo alikuwa Wabwile.

Jepchumba aligeukia dirisha ili uso wake usionekane. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, ametoka Kapenguria akiwa na mfuko mmoja wa nailoni, wakati Wabwile alipompa kisu cha almasi cha kukatia vioo na kipande cha kioo kilichovunjika, akamwambia akate mstari mmoja ulionyooka na asirudie. Mafundi wengine wote wa Kitale walikuwa wamemwambia kwamba mikono ya mwanamke ni ya kupangusa vioo, si ya kuvikata. Wabwile hakuwa na hotuba juu ya jambo hilo. Alimfundisha tu, miaka minne, na mabinti zake walipomwita "Papa", Jepchumba naye akamwita hivyo.

Na kitu cha kwanza Papa alichomfundisha baada ya kukata ni hiki: chokaa isiguse kioo. Kioo kipya kwenye mjengo huwekewa vipande vya gazeti vilivyobandikwa kwa uji mwepesi wa mahindi. Mtu ataviona, hatajigonga, na kazi ikiisha unavitoa kwa maji ya vuguvugu. Mafundi wenzake walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Walimwita Fundi wa Uji.

"Wazee wataamua lini?" aliuliza.

"Jumapili hii. Ripoti yako ndiyo wanangoja." Kizito alishusha sauti. "Akipatikana na kosa atawekwa nyuma. Sheria ni sheria."

Kuwekwa nyuma, katika kanisa lile, si kukaa benchi la mwisho peke yake. Ni kunyimwa meza ya Bwana, kuvuliwa uzee wa kanisa, na ukifa kabla hujarudishwa, kanisa halikuziki. Mchungaji haji, kengele hailii, na akina mama wa chama hawaruhusiwi kuvaa sare zao kaburini kwako. Na Wabwile alikuwa mgonjwa wa kifua. Kila mtu kutoka Bumula hadi Kanduyi alijua kwamba mzee yule hakuwa na mwaka mwingine.

Jepchumba akafanya kazi aliyotumwa. Alichukua siki akasugua kona moja. X haikusogea, kwa hiyo haikuwa chumvichumvi ya maji iliyoganda. Akapitisha ukucha. Kwenye kioo kitupu uliteleza. Ulipofika kwenye X ulikwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Akaomba ufunguo wa stoo, akakuta humo vioo viwili vilivyobaki vya mzigo ule ule, vikiwa bado na karatasi zake za dukani. Akavitoa juani, akavimwagia maji, akavipumulia. Vilikuwa safi. Kioo hakikuwa na kosa.

Ilibaki chokaa. Kwenye pembe za fremu za chuma, pale ambapo kitambaa cha waoshaji hakikufika, palikuwa na mabaki meupe. Akayachimba kwa ncha ya kisu, akayasaga kiganjani. Hayakuwa laini kama chokaa peke yake. Yalikuwa na chembe za kijivu, ngumu. Saruji. Kisha akafanya jambo ambalo Wabwile alimfundisha na ambalo hakuna chuo kinacholifundisha: akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Chumvi.

Basi akajua yote. Mtu alikuwa amechanganya chokaa na saruji ili ishike, akatia chumvi ili isichukuliwe na mvua, kama watu wanavyopaka kuta za nje na mawe ya kando ya njia. Ukutani ni sawa. Lakini mchanganyiko ule juu ya kioo, ukilowana na kukauka na kulowana tena msimu mzima wa mvua, hula. Hauachi uchafu juu ya kioo. Unaondoka na kioo chenyewe, kidogo kidogo, na hakuna sabuni ya kurudisha kilichoondoka. Na mtu anayejua vioo hawezi kufanya hivyo hata akiwa amelewa.

Ni Edinah, mama aliyekuwa akiwapikia mafundi ugali na maharagwe kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, aliyemwambia aliyefanya. Jepchumba hakumbana. Alikaa tu kwenye jiko lake, akapewa chai, akauliza kama anakumbuka magazeti kwenye madirisha.

Edinah akacheka kabla hajajizuia. "Magazeti? Si mbuzi za pasta zilikula! Zilikuwa zinaramba ile uji, zinasimama na miguu ya nyuma hivi, zinavuta kalatasi. Madilisha ya chini yote zikamaliza."

"Halafu?"

Kicheko kikaisha. Edinah akatazama nje, akatazama sufuria. "Wabwile alikuwa amelazwa. Mwalimu akakuja, akaona kalatasi zinaning'inia, akasema kanisa inakaa kama kioski ya mandazi. Ati ni aibu. Akatuambia sisi wamama wanne tutoe zote, tupake chokaa. Akasimama hapo akituonyesha. Akasema tuweke simiti kidogo na chumvi, isishuke na mvua. Mimi mwenyewe ndiye nilileta chumvi, dada. Ya kupika."

"Na mmenyamaza hivi, ili mzee awekwe nyuma?"

"Mwalimu ndiye anatupea kazi hapa." Edinah alianza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Na Wabwile mwenyewe anajua! Mimi nilienda kwake nikamwambia. Kama yeye hasemi, mimi ni nani? Usinitaje, tafadhali. Nakuomba."

Hapo ndipo Jepchumba alipopanda pikipiki kwenda Bumula.

Wabwile alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba mpya aliyokuwa akiijenga karibu na ile ya zamani, vyumba vitatu vya matofali ambavyo alitaka mkewe Emmy abaki navyo. Haikuwa imepakwa rangi wala kupigwa dari, lakini madirisha yalikuwa yamekwisha, na kila kioo kilikuwa na magazeti yake, mistari miwili ya magazeti yaliyobandikwa kwa uji. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa.

"Mayi," alimwita, kama alivyowaita mabinti zake. "Wamekutuma wewe. Vizuri. Umeonja?"

"Nimeonja, Papa. Chumvi na saruji."

"Hm." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Bado unakumbuka kazi."

"Na najua ni nani aliwaambia wapake. Kwa nini hukusema kwa wazee?"

Wabwile alitazama magazeti kwenye madirisha yake. "Kizito ni bakoki wangu," alisema.

Jepchumba alikuwa amekaa na Wabukusu vya kutosha kulielewa neno hilo. Watu hao wawili walitahiriwa mwaka mmoja, sabini na mbili, wakapakwa matope kwenye mto mmoja alfajiri moja, wakasimama mbele ya kisu kimoja mmoja akimtazama mwenzake asitikisike. Bakoki unaweza kumtania mbele ya wakwe zake. Unaweza kula chakula chake bila kukaribishwa. Lakini humtoi mbele ya watu ukamwaibisha. Mzee wa Kibukusu anayemshtaki bakoki wake mbele ya baraza amejivua nguo yeye mwenyewe.

"Yeye ndiye anafaa kusema," Wabwile aliendelea. "Nimemngojea. Alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa, akakunywa chai, akaenda. Hakusema." Akamtazama Jepchumba usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi siwezi. Lakini wewe si bakoki wa mtu, mayi. Wewe ni fundi, na wewe ndiye wameita. Mimi sitaki kitu kingine. Nataka tu nizikwe na kanisa ambayo niliweka madirisha yake."

Hakumwambia aandike jina. Lakini mtu angehitaji kuwa kiziwi ili asisikie alichoombwa, na Jepchumba hakuwa kiziwi.

Kiplimo alimpigia simu akiwa bado njiani kurudi. Alipoambiwa kwamba kioo hakina kosa, alifurahi mpaka akapiga kelele kama mshabiki wa mbio. Alipoambiwa habari za Mwalimu Kizito, akashusha sauti.

"Sikiza, Jepchumba. Hao watu wanaanza kujenga shule mwezi wa tano. Madirisha mia na kitu. Kizito ndiye mwenyekiti pia huko. Wewe uliitwa uangalie kioo, si ndiyo? Basi angalia kioo. Sema ni chokaa. Mambo ya nani na nani, waachie wenyewe. Hao ni watu wa kanisa moja, si wanajuana bana?"

Kusema kweli, si Kiplimo aliyemshinda. Ningependa kusema ni yeye, maana ni rahisi kumchukia mtu mwenye duka. Lakini Jepchumba alikuwa amewahi kukosana na Kiplimo kwa mambo madogo kuliko hilo, na kazi hakufukuzwa. Kilichomshinda ni kule kuona kwamba hakuna haja. Chokaa ilikuwa inajulikana. Wamama wanne walijua, mwenyekiti alijua, mbuzi wa mchungaji walijua. Akisema tu kwamba ni chokaa yenye saruji na chumvi, aliyeagiza atashikwa na aibu, atasimama mwenyewe. Edinah hatatajwa, Kizito hataaibishwa na mwanamke wa Kitale, shule itanunua vioo, na Papa atakuwa salama. Kila mtu angepata chake. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Akakaa kwenye hoteli moja ya Bungoma, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Vioo havikuwa na kasoro vilipotoka dukani. Vimeharibiwa na chokaa iliyochanganywa na vitu vingine, yaani saruji na chumvi, iliyopakwa kwa mkono kwa alama ya X wakati wa ujenzi, ikaachwa kwenye mvua miezi tisa. Uharibifu huu hauwezi kuondolewa. Akatia sahihi. Aliisoma mara mbili, na mara zote mbili aliona pale jina lilipofaa kukaa.

Hakuwepo Jumapili iliposomwa. Alisimuliwa baadaye na Edinah kwa simu, na Edinah alisimulia akisimama kila mara kupenga kamasi.

Ilisomwa na katibu, mbele ya kanisa zima, huku zile X zikiwa zimemea kwenye madirisha kwa sababu watu walikuwa wengi na kulikuwa kumenyesha. Alipofika kwenye "iliyochanganywa na vitu vingine" mnong'ono ulipita kutoka benchi la mbele hadi mlangoni. Alipofika kwenye "iliyopakwa kwa mkono" watu waligeuka kumtazama Wabwile. Basi ilikuwa kweli. Alichanganya kitu. Mtaalamu wa Kitale, tena mwanafunzi wake mwenyewe, amepima na kukikuta. Na mkono gani mwingine uliwahi kugusa vioo vya kanisa lile? Mzee mmoja akauliza kama kuna mwenye neno. Edinah aliinuka kidogo kwenye benchi, akakaa. Mwalimu Kizito alikuwa akisoma kitabu chake cha nyimbo. Wabwile alisimama kwa fimbo, akatoka mbele penye viti vya wazee, akatembea hadi benchi la nyuma bila kuambiwa, na safari ile ilimchukua muda mrefu kwa sababu ya kifua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi.

Jepchumba alimpigia jioni hiyo hiyo. "Papa, nitaandika nyingine. Nitaweka jina lake. Kesho asubuhi naileta mwenyewe."

Alimsikia akikohoa upande wa pili.

"Karatasi ilikuwa mkononi mwako, mayi," Wabwile alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza. Akamwaga maneno mengine machache juu ya mvua na bei ya mbolea, kama mtu anayemsindikiza mgeni, akakata simu.

Barua ya pili aliipeleka kweli. Aliandika kila kitu: mbuzi, magazeti, wamama wanne bila majina, na Mwalimu Kizito kwa jina lake kamili. Kiplimo alimfokea siku mbili, na shule ikanunua vioo vyake Eldoret. Katibu wa kanisa aliipokea, akaipiga muhuri, akasema kwa upole kwamba jambo lililoamuliwa na wazee linafunguliwa tu kwenye kikao cha robo mwaka, na kikao cha robo mwaka kilikuwa kimepita juzi. Kingine ni mwezi wa saba. Jepchumba alimwambia kwamba mzee ni mgonjwa. Katibu akasema wanamwombea.

Wabwile alifariki mwezi wa sita, tarehe ishirini.

Walimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba mpya. Watu walikuja wengi, maana alikuwa amewawekea vioo watu wengi, lakini mchungaji hakuja, na kengele ya kanisa, ambayo upepo ukivuma vizuri husikika hadi mbali, haikulia. Akina mama wa chama walikuja na nguo zao za kawaida, za maua na za mistari, wakaimba zile zile nyimbo wanazoimba wakiwa na sare, na walionekana kama watu waliokutana sokoni. Edinah alikuwa katikati yao akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Kaka yake marehemu, mzee wa miaka themanini asiyejua kusoma, ndiye aliyeomba juu ya kaburi. Aliomba kwa Kibukusu, akasahau katikati, akaanza upya.

Mwalimu Kizito alipewa nafasi ya kusema, kama bakoki. Alivua kofia.

"Tulisimama pamoja, mimi na huyu, mwaka wa sabini na mbili," alisema, na sauti ikamkatika, na Jepchumba aliona kwamba yale machozi yalikuwa ya kweli, jambo ambalo lilimfanya amchukie zaidi. "Hakutikisika. Nami sikutikisika. Alikuwa mtu mzuri, bakoki wangu. Kama alikosea, ni ubinadamu. Tumwombee Mungu amsamehe."

Watu wakaitika amina. Jepchumba alipiga hatua moja mbele, akarudi. Alikuwa na maneno yote. Alikuwa ameyaandika, yalikuwa kwenye faili mahali fulani yakiwa na muhuri. Wachimba kaburi wakaanza kurudisha udongo.

Watu walipokuwa wakila, Emmy, mjane, alimjia na bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa. Alikuwa mama mfupi, mtulivu, aliyemlisha Jepchumba miaka minne bila kumhesabia.

"Alisema wewe ndiye utoe zile karatasi," alisema. "Alisema wengine watakwaruza."

Jepchumba akalowesha gazeti la dirisha la kwanza, akangoja kama alivyofundishwa, akavuta kuanzia kona. Liliachia lote kwa mara moja, likiwa na picha ya nusu ya mchezaji wa mpira na bei za mahindi za mwaka uliopita. Akapangusa uji. Akakipumulia kioo.

Hakikuwa na alama yoyote. Mvuke ulikaa sawasawa kutoka kona hadi kona, kisha ukaondoka, na kioo kikamrudishia taswira ya kaburi lililokuwa nyuma yake na watu waliokuwa wakilipangia mawe, wazi kabisa.

"Mwaka mzima imekuwa hapo," Emmy alisema, akigusa kioo kwa kidole. "Mvua yote hiyo. Kwa nini ya kanisa iliharibika?"

"Ya kanisa ilipakwa chokaa, Mama. Papa hakupaka. Alikuwa amelazwa. Mwalimu Kizito ndiye aliwaambia wamama waondoe magazeti na kupaka."

Emmy aliondoa kidole kwenye kioo. Hakugeuka kumtazama Kizito, aliyekuwa chini ya turubai na sahani ya nyama. Alikuwa akimtazama Jepchumba.

"Ulijua lini?"

Jepchumba alifikiria kutaja barua ya pili. Alifikiria kumtaja Kiplimo, na Edinah aliyelia, na kikao cha robo mwaka. Vyote vilikuwa kweli.

"Siku ile nilikuja hapa," alisema. "Kabla sijaandika."

"Ulikaa hapo kwa kiti, ukiwa unajua."

"Ndiyo, Mama."

Mle ndani kulikuwa na madirisha mengine matano. Emmy alinyoosha mkono, akakitwaa kitambaa kutoka mkononi mwa Jepchumba, akachukua na bakuli.

"Wacha," alisema. "Hizi zingine nitatoa mwenyewe."

Akaingia ndani. Jepchumba alibaki nje na mikono iliyolowa, akimwona kupitia kioo kisafi, mjane yule, akilowesha gazeti la pili kwa mwendo wa mtu asiyejua kazi, akilivuta kabla halijalainika. Alitaka kumwambia angoje kidogo. Hakugonga kioo.